Kingo za Keki ya Sikukuu

Mama Siagi alivunja mayai moja moja kwenye kikombe, akinusa kila moja kabla ya kulimimina kwenye beseni. Mwaka mmoja yai viza lilimharibia beseni zima, na harufu yake ikakaa kwenye kucha zake mpaka sikukuu ikapita. Mlango wa jiko aliufunga kwa sababu ya nzi. Feni ya darini ilizunguka kwa kujivuta, oveni ilikuwa imeshashika moto, na mezani zilipangwa trei zilizotandikwa karatasi na kupakwa siagi mpaka pembeni. Keki ya sikukuu ya Nyumba ya Wazee ilikuwa ya matabaka, pana kama mlango, na kwa kuwa oveni ile ilimeza trei moja tu kwa safari, kazi ilianza alfajiri.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono minene na subira fupi. Jina la Mama Siagi alipewa na nesi, naye hakulikataa, kwa sababu mle ndani kulikuwa na watu waliopewa majina mabaya zaidi. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kinyaa. Hakunywea kikombe cha mwenzake, hakukalia kiti chenye joto la mtu mwingine, na akikuta unywele kwenye chakula basi siku yake ilikuwa imekwisha. Kwamba mtu wa namna hiyo aliishia kupikia nyumba iliyojaa watu wanaotema, wanaojichafua na kusahau, lilikuwa jambo lililomchekesha hata yeye mwenyewe. Aliishia pale kwa sababu ya mama yake.

Mama yake alilala wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Masharti yalikuwa wazi: mfanyakazi aliweza kumweka mzazi wake pale bure, mradi achape kazi na asimpendelee. Na mfano wa kupendelea ulikuwepo. Mpishi aliyemtangulia alikamatwa akimpa shangazi yake kipande cha nyama ya wageni, na kabla jua halijazama shangazi alikuwa ameketi nje ya geti juu ya furushi lake la nguo, akiwauliza wapita njia kama wanamfahamu ndugu yake yeyote. Mama Siagi hakuwa na nyumba ya kumpeleka mama. Alikuwa na kitanda kwenye chumba cha wafanyakazi, na chini ya kitanda sanduku.

Mama hakuwa msumbufu. Alikunywa uji aliopewa, alimshukuru kila aliyepita mbele yake, hata wale waliopita tu. Ila mwaka huu alianza kuisha. Nesi, ambaye hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu, alisema vijiko vya uji vinazidi kupungua na kwamba sikukuu nyingine wasiitarajie. Na wiki ile ile, Mama Siagi akiwa anamsuka vijinywele vilivyobaki, mama aliomba kitu kwa mara ya kwanza tangu aingie mle.

"Hiyo keki yako," alisema. "Kila mwaka naila kwa pua tu. Safari hii nionjeshe, mwanangu. Hata ile ya pembeni mnayokata."

"Wazee hawaruhusiwi sukari, mama."

"Sukari itanikuta wapi mimi? Mpaka inifikie, nimeshaondoka."

Mama Siagi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nitaangalia," alisema.

Ile ya pembeni ni kingo. Keki ya matabaka ikishapangwa na kupakwa krimu hukatwa pande zote nne kwa kisu chenye meno, ili tabaka jeupe, la kahawia na la jemu yaonekane yamenyooka. Vipande vinavyobaki havina sura lakini ndivyo vitamu kuliko vyote, kwa sababu vimeiva zaidi na shira yote imekimbilia huko. Kwenye majiko mengi kingo ni haki ya mpishi na yeyote aliyekaa karibu naye. Hapa kingo zilikuwa za mbwa wa Baba Mlezi. Alikuja kuzichukua mwenyewe na beseni la plastiki, na mbwa wake walikuwa wanene, wanapumua kwa shida.

Baba Mlezi alikuwa mkurugenzi. Umri wake ungemfanya awe kitinda mimba wa mzee yeyote mle ndani, lakini aliwataka wamwite Baba, na asubuhi alipopita wodini wao ndio waliomwamkia. "Shikamoo, Baba," walisema watu waliokuwa na wajukuu kabla yeye hajaota meno. "Marahaba, wanangu," aliitikia, na akawapapasa vichwani. Mara ya kwanza Mama Siagi kusikia mama yake akimpa shikamoo mtu yule, alitoka nje akatema mate. Siku hizi alikuwa akitazama pembeni tu.

Na keki ilikuwa na utaratibu wake wa kila mwaka. Wazee waliketishwa ukumbini kwa mistari, kila mmoja na sahani mapajani, na kila sahani ikatiwa kipande. Wageni waliinama kati yao, wakapigwa picha wakiwashika mabega. Kisha nesi akapita na sinia kukusanya vile vipande, ili visije vikawadhuru, na keki ikaliwa na wageni, iliyobaki ikafungwa kwenye maboksi ya kupeleka kwenye magari. Wazee waliletewa uji. Ilikuwa hivyo kila sikukuu, na hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu aliyelalamika lilimngoja geti.

Tabaka la kwanza lilikuwa likipoa chini ya chandarua, na la pili liko ovenini, pale ulimi wa kwanza ulipoingia kwa chini ya mlango. Ulikuwa mwembamba, wa rangi ya maini yaliyolala, wenye utando mweupe katikati. Ulijivuta taratibu sakafuni, na kwa kuwa ulikuwa umetoka mbali, tangu wodi ya wanaume kupitia koridoni, ulikuwa umeokota kila ulichokutana nacho: nywele, mchanga, punje ya wali, plasta ya kidonda iliyokwisha kutumika. Jambo la kwanza lililomjia Mama Siagi ni kwamba alikuwa ametoka kupiga deki.

Ulimi ulipanda mguu wa meza. Ulifika juu, ukapumzika, ukainua chandarua kwa ncha, ukapita mara moja juu ya keki kutoka upande mmoja hadi wa pili. Nyuma yake ukabaki mfereji uliolowa, unaong'aa, na ile plasta imeganda katikati. Mama Siagi aliupiga kwa mwiko, pah, ulimi ukajikunja na kurudi ulikotoka kwa haraka kuliko ulivyokuja, ukiacha utelezi mpaka kizingitini.

Nesi aliingia na dekio. "Huo wa Mwalimu," alisema, akifuta. Mwalimu alikuwa mzee wa wodi ya wanaume, aliyefundisha watoto wa watu maisha yake yote. "Nimeukanyaga hapo koridoni, nikamwomba radhi. Zinarefuka tangu ulipowasha oveni."

"Ziko nyingi?"

"Wodi ya wanaume karibu wote. Wanawake bado wanaona haya, lakini zimeshafika mlangoni."

"Mimi nina kazi, nesi. Waambie wazirudishe."

"Nimewaambia. Wanasema si wao, ni harufu."

Mama Siagi alibandua plasta kwa ncha ya kisu, akaitupa, akanawa mikono mpaka viwiko. Lile tabaka lililolambwa alilisogeza kando. Hakuwa na mayai ya kuoka lingine, na kulitazama hakuweza, akalifunika kwa karatasi. Wakati wa chai ya saa nne, ulimi wa Mwalimu ukiwa umesharudi kinywani zamani, utamu wenyewe ulikuwa bado uko njiani, unatembea. Ulipomfikia, Mwalimu alikaa kitandani na kutangaza kwa sauti ya darasani kwamba vanila imezidi. Wodi nzima ikampigia makofi.

Baada ya hapo hazikukatika. Ziliingia kwa chini ya mlango, kwa dirisha, moja ikapita kwenye tundu la bomba la sinki. Kulikuwa na nene na nyembamba, zilizopasuka, zenye harufu ya dawa ya kikohozi, na moja nyeusi ya mzee aliyevuta tumbaku. Mama Siagi alizipiga kwa mkono mmoja na kupaka shira kwa mkono wa pili. Aliziba chini ya mlango kwa taulo lililolowa, zikalinyonya taulo. Nzi nao wakapata njia. Kila alipogeuka kutoa trei ovenini alikuta mahali pengine pamelowa, na mara mbili alikimbilia kwenye ndoo ya takataka kutapika, akasukutua, akaendelea na kazi.

Baba Mlezi alikuja kukagua, amevaa suti mpya. Aliruka ndimi zilizolala koridoni kwa uangalifu, asichafue viatu. Alifika kwenye bakuli la krimu, akachovya kidole, akakilamba mpaka kwenye pete, akachovya tena kidole kile kile.

"Tamu," alisema. "Na hili umelifunika kwa nini?"

"Limelambwa, Baba."

Aliinua karatasi, akatazama. "Lipake krimu. Krimu inaficha."

"Baba, limelambwa mpaka chini. Wageni watakula mate ya watu."

"Ya watu gani? Hawa ni wazazi wetu, Mama Siagi. Au wewe unawaonea kinyaa wazazi wetu?" Akachovya tena. "Mimi utanikatia tabaka la juu. Hilo hawajalifikia, eti?"

"Bado."

"Basi."

Alisimama mlangoni akizitazama ndimi kwa jicho la mtu anayetazama maji yaliyofurika kwake: hakuna jipya ndani yake, ila usumbufu. Alisema wageni wako njiani na mgeni wa heshima ni mama mmoja anayependa usafi. Haiwezekani akanyage vitu hivi.

"Zianike," alisema. "Kamba si ipo? Wewe una mkono mzuri, fanya wewe. Nesi ana huruma nyingi, atachelewa."

Kamba ya nguo ilikuwa nyuma ya jengo, kati ya ukuta wa wodi na choo. Siku ile ilikuwa na mashuka. Mama Siagi alichukua kopo la vibanio vya chuma, vile vinavyouma kidole, akaanza kuzikusanya moja moja. Alizipitisha kwa madirisha ya wodi, akazivuta mpaka kwenye kamba, akazikunja mara moja juu yake kama soksi na kuzibana. Ndani, wenyewe walilala na vinywa wazi, wakitazama dari. Hakuna aliyepinga, na hata angetaka kupinga, kwa kitu gani? Jua lilikuwa kali. Baada ya muda zikaanza kukauka na kutoa harufu ya samaki aliyesahauliwa, na nzi wakahama jikoni kwenda huko. Mama Siagi alivuta pumzi kwa kinywa ili asinuse. Alijiambia ni nguo tu anaanika.

Ulimi wa mama yake ulikuja wa mwisho. Ulichungulia kwenye dirisha la wodi ya wanawake, ukashuka ukutani kwa aibu, ukasimama kwenye majani. Aliutambua kwa alama nyeupe ya kuungua karibu na ncha, ambayo mama aliipata zamani, kwa kuonja uji wa mwanawe kila siku kabla hajamlisha. Ndio huo huo uliomtoa mchanga jichoni alipokuwa mdogo, kwa kulilamba jicho lenyewe huku amemshika kichwa, kama mama wanavyofanya. Katika maisha yake yote hicho kilikuwa kitu kimoja cha mwili wa mtu mwingine ambacho hakikuwahi kumtia kinyaa. Sasa ulikuwa mbele yake, umejaa vumbi, unywele umejisokota katikati, na ulipomgusa kifundo cha mguu aliurusha mguu nyuma bila kujizuia.

Alijichukia kwa hilo. Alichuchumaa, akautoa unywele kwa vidole viwili, akaupuliza vumbi. "Subiri, mama," aliuambia. "Usitangulie." Akauanika mwisho kabisa wa kamba, penye kivuli cha ukuta, na kibanio akakiwekea kipande cha kitambaa chini.

Alirudi jikoni akaipanga keki. Lile tabaka lililolambwa aliliweka chini kabisa, akalipaka krimu, juu yake la kahawia, jemu, jingine, krimu tena, mpaka la mwisho. Alipitisha kisu bapa juu mpaka pakalainika, akatia maua ya sukari kwenye pembe. Ilikuwa keki nzuri. Kisha akashika kisu chenye meno na kukata kingo. Zilianguka mezani zikiwa na rangi zote, zinatoa jasho la shira. Alizitia kwenye beseni la mbwa, zote isipokuwa moja, ambayo aliizungushia karatasi na kuitumbukiza kwenye mfuko wa aproni. Alihisi uzito wa kile kipande pajani alipokuwa akisaidiana na mlinzi kubeba keki kwenda ukumbini.

Wageni walikuwa wamefika. Wazee walikuwa wameketishwa kwa mistari, vinywa wazi, na ndimi zao zikipita mabegani, kisha madirishani, kwenda uani zilikoanikwa. Wale wasioweza kuketi, mama akiwa miongoni mwao, walibaki wodini. Mgeni wa heshima, mama mnene mwenye manukato, aliinama chini ya ulimi mmoja ili amfikie bibi aliyepangiwa kupiga naye picha. "Hamjambo, wazazi wetu?" aliuliza. Wazazi walimtazama. "Wanashukuru sana," alisema Baba Mlezi.

Vipande vikatiwa sahanini, picha zikapigwa, nesi akapita na sinia. Na safari hii ilikuwa rahisi, kwa kuwa hakuna aliyejaribu kuficha chake shavuni. Kisha wageni wakala. Mama Siagi alisimama pembeni na kisu, akikata kila alipoambiwa, akitazama. Walikula wima, wakiongea na keki mdomoni. Krimu iliingia kwenye masharubu. Mmoja alilamba sahani, akajifanya anatazama maua yaliyochorwa chini yake. Mgeni wa heshima aliomba kipande cha chini, kwa kuwa cha chini, alisema, huwa na unyevu, na alipokitafuna alifumba macho. "Hii mmeitia nini?" aliuliza. Baba Mlezi, tabaka lake la juu mkononi, alisema ni upendo. Mama Siagi akaweka kisu chini, akasema anakwenda kuosha vyombo.

Na vyombo alianza kuviosha kweli, kwa muda, kitambaa cha sabuni begani, ili mtu akipita aone. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma.

Uani hapakuwa na mtu. Alipita katikati ya mashuka na ndimi mpaka mwisho wa kamba. Ulimi wa mama ulikuwa umeanza kukakamaa kingoni, lakini chini ya kivuli katikati bado palikuwa laini. Alifungua karatasi. Akakiweka kile kipande cha pembeni juu ya ile alama nyeupe, upande wa krimu chini, akakikandamiza kidogo kwa kidole gumba. Ulimi ulitetemeka. Ukajaribu kujikunja ukizunguke, kibanio kikauzuia, ukatulia, na krimu ikaanza kuyeyuka polepole. Hata mdudu chungu aliyetangulia kufika Mama Siagi alimwondoa kwa upole. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuona kinyaa.

"Na huku ndiko tunakofulia," ilisikika sauti ya Baba Mlezi nyuma ya shuka.

Alikuwa anamtembeza mgeni wa heshima, na nyuma yao mpiga picha. Walitokea kati ya mashuka mawili. Mgeni alisimama akatazama kamba kutoka mwanzo hadi mwisho, akaweka kiganja kifuani.

"Masikini," alisema. "Ndizo zao?"

"Ndizo. Tunazipunga hewa."

Mama Siagi alikuwa amejibanza mbele ya ulimi wa mama, lakini mwili wake haukutosha. Baba Mlezi alisogea. Alimtazama yeye, akatazama kile kipande, akamtazama tena. Alijua kila kitanda na nani wa nani. Hakupandisha sauti.

"Huu mbona una krimu? Wa nani huu?"

Lilikuwa swali la kujibiwa. Nyuma ya bega lake, juu ya ukuta wa choo, lilionekana geti, na nje ya geti barabara, na kando ya barabara pale palipokuwa na shangazi wa yule mpishi wa zamani palikuwa pamekaa gogo tu.

"Sijui, Baba," alisema Mama Siagi.

"Hujui."

"Sijui. Nimeukuta hivi."

"Basi ufute."

Alikitoa kile kitambaa begani. Kile kipande cha keki kilianguka kwenye majani, na Baba Mlezi akakisukuma pembeni kwa kiatu. Mama Siagi akaufuta ulimi. Kitambaa kilikuwa na sabuni ya vyombo, na kwa kuwa alikuwa akitazamwa, alifuta vizuri, juu na chini, kwenye mikunjo na kwenye ile alama nyeupe, mpaka povu likatoka na krimu ikaisha yote. Ulimi haukujivuta. Ulikaa tu ukifutwa, kama mtoto anayejua kwamba kuoga kuna mwisho.

"Mpishi wetu huyu," Baba Mlezi alimwambia mgeni. "Anapenda usafi."

"Anaonekana," alisema mgeni wa heshima. Alikuwa ameinama anakitazama kibanio. "Ila hivi vya chuma vinawaumiza, jamani. Vina kutu. Mwakani tutawaletea vya plastiki, vya rangi rangi." Mpiga picha akampiga picha akiwa amekishika. Baba Mlezi akapiga makofi, na Mama Siagi, kitambaa mkononi, akapiga makofi pia.

Magari yalipoondoka na maboksi yake, jua likiwa linakaribia kuzama, Mama Siagi alizianua ndimi. Zilikuwa kavu, zinakwaruza mkono. Alizilowesha kwenye maji ya vuguvugu, akazikunja kama bendeji na kumrudishia kila mmoja wake, kitanda kwa kitanda, nesi akimsaidia kufunga vinywa. Hazikuwa na nguvu tena. Oveni ilikuwa imepoa, na wenyewe walionekana wameridhika kurudi kwenye uji. Mwalimu aliuliza kama vanila ilipunguzwa, nesi akamwambia ndiyo.

Wa mwisho alikuwa mama yake. Alikaa kitandani kwake, akamwinua mgongo kwa mto, akamlisha vijiko viwili vya uji, cha tatu mama akakataa.

"Nangoja keki," alisema mama. Macho yake yalikuwa maangavu. "Nimeihisi pale ulipoiweka, nzito, laini. Iko njiani. Sasa hivi itafika."

Mama Siagi alimshika mkono, nao wakangoja. Nje, mbwa wa Baba Mlezi walikuwa wakigombania beseni. Mama aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza hatua za mtu ukumbini, kisha akaanza kutafuna taratibu ingawa kinywani hakukuwa na kitu. Alitafuna. Akasita. Uso ukamkunjamana, akaurekebisha haraka, na akameza.

"Imefika?" aliuliza Mama Siagi.

"Imefika."

"Ikoje?"

Mama alifikiri. Hakuwahi kuwa mtu wa kumvunja mwanawe moyo. "Nzuri," alisema. "Ina sabuni kidogo."

Mama Siagi aliangalia sakafu.

"Si sana," mama aliongeza. "Labda beseni hukulisuuza vizuri. Na wale wageni walikula?"

"Walikula, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Masikini," alisema mama, na akatikisa kichwa kwa kuwahurumia kweli. "Na hawakusema kitu. Watu wana adabu." Alimpapasa mwanawe kwenye mkono ule mnene, ambao bado ulikuwa na harufu ya vanila mpaka kwenye kiwiko. "Wewe usijali, mwanangu. Mwakani utapatia."

Mama Siagi akaitikia. Akamfuta mama midomo kwa pembe ya aproni, akamlaza, akaenda jikoni kupiga deki upya.